Kinasa mubashara

Mazishi yakianza Sanya Juu saa nne asubuhi mwezi wa Desemba, Minnesota ni saa saba usiku. Ndugu aliye zamu kazini huko anakosa ibada nzima, wasifu wa marehemu na uwekaji wa mashada, ingawa kijana wa kwaya alisimamisha simu kwenye stendi na kurusha kila kitu. Akitoka kazini anaomba rekodi. Pengine ipo, pengine haipo. Tangu Februari 2025 Facebook hufuta video mpya za mubashara baada ya siku 30, na redio nyingi za mtandaoni haziachi kitu. Programu fupi inayokaa ikisubiri tangazo na kulihifadhi bila mtu kubonyeza chochote ndiyo ninayoiita kinasa mubashara.

Nianze na mubashara. Bunge lilipoacha kuonyeshwa lote na TBC, Januari 2016, watu walibishana juu ya "Bunge laivu", na watangazaji wengi hadi leo husema "moja kwa moja". Kwa mazungumzo ya kawaida hakuna tatizo. Lakini "moja kwa moja" pia humaanisha kitu kinachojiendesha chenyewe, na hapo fundi anajikuta akiandika "kurekodi moja kwa moja matangazo ya moja kwa moja". Sentensi kama hiyo haimwelekezi mtu. Mubashara ina maana moja tu: kinachofikia macho na masikio wakati uleule kinapotendeka. Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi unaohusu ngozi, yaani kugusana bila kitu katikati, na mzizi huohuo ndio uliotupa kubashiri.

Kwa nini kunasa, wakati kupakua tayari tunalo? Kupakua ni kwa shehena iliyokwisha kufika. Faili liko kwenye seva, unalishusha leo au mwezi ujao. Tangazo mubashara halijafika na halitangoji. Katika mfumo wa HLS, uliotolewa na Apple mwaka 2009 na unaotumika sana leo, tangazo hukatwa vipande vya sekunde chache, na seva hutoa orodha fupi ya vipande vya karibuni. Kipande kipya kikiingia, cha zamani hutoka kwenye orodha. Anayechelewa hakuti kitu. Inabidi utege mapema, na Kiswahili kina kitenzi cha kilichoingia mtegoni. Kinasasauti tumekuwa nacho tangu enzi za kanda.

Kanda zenyewe Moshi inazijua vizuri. Studio ya Sauti ya Injili ilirekodi vipindi vya Kiswahili na kuvipeleka Addis Ababa, kwenye kituo cha Walutheri kilichoanza kurusha mwaka 1963 na kutwaliwa na serikali ya Ethiopia mwaka 1977. Wakati ule kanda ilitangulia, tangazo likafuata. Leo tangazo hutangulia, na kanda isipotegwa haipatikani kabisa.

Ndani ya kinasa mna skripti. Wako wanaosema hati, lakini hati tumekwisha kuitwisha viwanja, nyumba na mikataba, kwa hiyo nabaki na skripti: maagizo machache ambayo kompyuta huyafuata kwa mpangilio. Uliza kama tangazo limeanza. Kama bado, lala dakika moja, uliza tena. Likianza, iamshe ffmpeg, programu ya kurekodi sauti na video, ihifadhi vipande kama vinavyoingia, bila kuvibadili. Ndiyo maana hata kompyuta kuukuu inaiweza kazi hii. Mtandao ukikatika, rudi mwanzo na ufungue faili jipya lenye tarehe na saa katika jina lake, lisije likafuta lile la kwanza.

Anayeiamsha skripti yenyewe ni cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, na hapa saa zetu zinahitaji uangalifu. Kwa ibada ya Jumapili saa tatu asubuhi unaandika 0 9 * * 0: dakika ya 0, saa 9, kila tarehe, kila mwezi, Jumapili. Ukiandika 3 kwa sababu ndivyo tunavyosema, kinasa kitaamka saa tisa usiku. Na kama kompyuta ni ya kukodi ughaibuni, inayofuata saa ya UTC, andika 6. Hata siku zina hesabu yake: kwetu Jumapili ni ya pili baada ya mosi, kwa cron ni 0.

Jambo moja ningemsisitizia kila fundi wa huku mlimani, ambako umeme hukatika bila taarifa: usihifadhi kwa umbizo la mp4. Faili la mp4 la kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni. Umeme ukizimika kabla, saa mbili za ibada zinakuwa faili lisilofunguka. Tumia ts. Hilo hufunguka hadi pale lilipokatikia.

Kunasa si ruhusa ya kusambaza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda matangazo na nyimbo, na msiba una wenyewe. Familia iulizwe kabla rekodi haijaingia kwenye kundi lolote. Wakikubali, sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde ni takriban megabaiti 29 kwa saa, inatumwa Minnesota kwa bando dogo. Video iwekwe kwenye flashi, apewe anayesafiri.