Mtungi wa Hewa na Bunduki Isiyo na Baruti

Huenda msomaji akadhani kwamba bunduki haiwi bunduki bila baruti. Lakini zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, jeshi la Austria lilikuwa na askari waliobeba bunduki zisizotoa moshi wala kuhitaji cheche, nazo zilipiga risasi kwa nguvu ya hewa tupu. Fundi aliyezibuni aliitwa Bartolomeo Girardoni, na jeshi lilizikubali yapata mwaka 1780. Habari zake yafaa tuzichunguze, kwa maana kijana wa leo anayenunua mtungi wa hewa kwa ajili ya bunduki ya mchezo wa kurushiana rangi hukabiliwa na maswali yaleyale yaliyomsumbua fundi huyo: hewa itiwe katika chombo gani, nayo itolewe vipi?

Kitako cha bunduki ya Girardoni hakikuwa cha mti. Kilikuwa chupa ya chuma, ambayo askari aliifungua na kuijaza kwa pampu ya mkono. Wewe uliyepata kutia upepo gurudumu la baiskeli wajua jinsi mkono unavyochoka. Basi fikiri kazi ya yule aliyesukuma pampu mara 1500 hivi ili chupa moja ijae. Msongo wa hewa ndani yake ulifika karibu ratili 800 kwa kila inchi ya mraba, na wa gurudumu lako haufiki hata sehemu ya kumi ya huo. Malipo ya jasho hilo yalikuwa makubwa. Kando ya mtutu palikuwa na bomba lililochukua risasi 20 hivi, na askari aliweza kuzipiga moja baada ya nyingine bila kusimama, wakati adui mwenye bunduki ya baruti alikuwa bado anashindilia risasi yake ya pili.

Walakini silaha hii ilikuwa na ila. Chupa ilikuwa na kilango kilichofunguka kitambo kidogo kila kifyatuo kilipovutwa. Kilango hicho kilijua kufungua na kufunga, kupima hakikujua. Kwa hiyo risasi ya kwanza ilitoka kwa msongo mkubwa, ya pili kwa msongo uliopungua, na baada ya risasi 30 hivi hewa iliyosalia haikufaa kwa vita. Tena chupa zenyewe zilikuwa ngumu kuunda na rahisi kuvuja. Mapema katika karne ya kumi na tisa jeshi liliziacha.

Bunduki ya hewa ilivuka bahari pia. Meriwether Lewis, aliyetumwa na Rais Jefferson wa Marekani kutafuta njia ya kufika bahari ya Pasifiki, alikuwa nayo moja, na wachunguzi wengi huamini kuwa ni ya Girardoni. Tarehe 30 Agosti 1803, karibu na Pittsburgh, aliwaonyesha watu waliokuwapo. Mmoja wao akaishika, ikafyatuka bila kukusudiwa, na risasi ikampara mwanamke kichwani. Kwa bahati njema hakufa. Baadaye Lewis aliipiga mbele ya wenyeji wa bonde la mto Missouri ili wastaajabu, nao wakastaajabu kweli. Waliona risasi zikitoka. Sidhani kama walionyeshwa pampu.

Tuyaache ya silaha, tuje kwenye mchezo. Mwezi wa Juni 1981, watu 12 waliwindana katika msitu wa New Hampshire, Marekani, kwa bunduki zilizoundwa kwa kutia alama za rangi miti na ng'ombe. Zilitumia vichupa vya kaboni dayoksaidi, gesi ile itiayo povu katika soda. Gesi hiyo hukaa chupani kama maji, nayo huhitaji joto ili igeuke gesi tena. Mchezaji akipiga kwa haraka chupa hupoa, msongo hushuka, na kidonge cha rangi huanguka njiani. Jua likiwa kali msongo hupanda, na kidonge huruka kwa kasi ya kuumiza. Ndiyo sababu wachezaji wengi wakairudia hewa, safari hii pamoja na chombo ambacho Girardoni hakuwa nacho, yaani regulata.

Ikiwa kwenu hupikwa kwa gesi, umekwisha kuona ndugu yake juu ya mtungi. Ndani ya regulata ya bunduki aghalabu mna springi na pistoni. Hewa iliyopita ikifika msongo uliowekwa, huisukuma pistoni na mlango hufungwa. Bunduki ikiitumia hewa hiyo, springi huufungua tena. Hivyo mtungi waweza kuwa na ratili 3000 au 1000, na bunduki ikapokea 800 vilevile.

Basi katika kuchagua, anza na regulata. Bunduki nyingine hutaka ratili 800, nyingine hutosheka na 450 hivi, na kijitabu chake hueleza. Kisha mtungi. Wa alumini wenye inchi 48 za ujazo hujazwa hadi ratili 3000; uliozungushiwa nyuzi za kaboni, wenye inchi 68, hujazwa hadi 4500. Zidisha: 144,000 kwa 306,000. Huo wa pili una hewa zaidi ya maradufu, na bei yake hupanda vilevile. Lakini ulizia kwanza pampu ya uwanja wenu. Ikiwa mwisho wake ni 3000, mtungi wa 4500 utajaa theluthi mbili tu. Tafuta pia tarehe ya kupimwa iliyochorwa ubavuni, usipake mafuta mdomo wa kujazia, kwani yaweza kuwaka chini ya msongo mkubwa, wala usikubali hewa hiyo itiwe katika chupa ya kaboni dayoksaidi, ambayo haikuundwa kuihimili.