Watoto wawili wa Singida na miaka 30 ya vyama vingi

Bunge lilipomthibitisha Mwigulu Nchemba, Novemba 13, 2025, mkoa wa Singida ulipata Waziri Mkuu wake wa kwanza. Siku hiyo Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi na mwenyekiti wa CHADEMA, alikuwa mahabusu Dar es Salaam kwa kesi ya uhaini.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, baada ya Tume ya Jaji Francis Nyalali kuupendekeza ingawa wengi wa waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Mwaka 1995 Lissu aligombea ubunge Singida Kusini kwa NCCR-Mageuzi, akashindwa. Alirudi kwenye sheria, akawatetea watu walioondolewa kwenye maeneo ya migodi.

Wote wawili waliingia bungeni mwaka 2010: Lissu kwa Singida Mashariki, Mwigulu, mchumi aliyetoka Benki Kuu, kwa Iramba Magharibi. Mnyaturu wa upinzani na Mnyiramba wa CCM. Mmoja alijulikana kwa kubishana na kiti cha Spika kifungu kwa kifungu, mwingine kwa skafu ya rangi za bendera ya taifa, asiyoivua shingoni hata leo.

Septemba 7, 2017, Lissu alipigwa risasi nyumbani kwake Dodoma, mchana, akitoka bungeni. Alitibiwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kiti chake kuwa wazi, na katika uchaguzi mdogo mgombea wa CCM akapita bila kupingwa. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote: watu wa Singida Mashariki walimchagua mara mbili, na alipoondolewa hawakupiga hata kura moja ya kumpata mrithi.

Januari 2025 Lissu alimshinda Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, kwa kura 513 dhidi ya 482, akaongoza chama. Aprili akakamatwa, na CHADEMA ikaenguliwa kwenye uchaguzi wa Oktoba 29, ambao uliambatana na maandamano na vifo vya raia.

Katiba inamtaka Rais amteue Waziri Mkuu kati ya wabunge wa majimbo, kutoka chama chenye wabunge wengi, kisha Bunge limthibitishe. Mwigulu alipita hapo kwa haki yake, na Iramba ina sababu ya kujivunia. Lakini Bunge lililomthibitisha lilichaguliwa bila chama kikuu cha upinzani, na kiongozi wa chama hicho ni mtoto wa mkoa huohuo.