Chuma Kikubalicho Nyundo

Kitenzi kufua kimebebeshwa kazi nyingi katika Kiswahili. Nguo hufuliwa, nazi hufuliwa, na chuma hufuliwa. Lakini nguo iliyofuliwa hubaki nguo ile ile, na nazi iliyofuliwa huwa imevuliwa makumbi tu. Chuma peke yake hutoka kwenye fuawe kikiwa na umbo jingine kabisa, na bado kikawa ni chuma. Tabia hiyo ya madini, ya kukubali kutandazwa kwa nyundo na kuvutwa mpaka kuwa uzi bila ya kukatika, ina historia ndefu katika Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania, ingawa watoto wa Mbeya na Iringa huisoma darasani kana kwamba iliwasili huko pamoja na chaki.

Mahali pa kuianzia historia hiyo ni Mbozi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, sehemu ambayo hadi mwaka 2016 ilihesabiwa katika Mkoa wa Mbeya na sasa imo katika Mkoa wa Songwe. Hapo limelala bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16. Katika kila sehemu 100 za bonge hilo, 90 ni chuma na zaidi ya 8 ni nikeli. Vitabu husema kwamba kimondo hicho kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott, nalo neno kugundua hapo lina maana yake ya kikoloni, kwani wenyeji walikuwa wakikijua.

Sasa, Wanyiha wa Mbozi walikuwa wahunzi hodari. Walichimba mtapo, wakakata miti na kuchoma makaa, wakajenga tanuru za udongo zilizopita kimo cha mtu, wakakesha kando yake. Yote hayo waliyafanya katika nchi ambayo ndani yake palikuwa na tani 16 za chuma tayari, kisichohitaji tanuru wala makaa ya kukiyeyushia. Kwa nini taabu yote hiyo? Wapo wanaotosheka kutaja mwiko na hofu ya vitu vya mbinguni, na huenda mambo hayo yalikuwapo. Hata hivyo sababu iliyo nzito zaidi imo ndani ya chuma chenyewe.

Jiwe likipigwa nyundo hupata ufa, na ufa ukishaanza hukimbia mpaka upande wa pili. Madini hayako hivyo. Chembe zake zimejipanga kwa matabaka, na zikilemewa huteleza, tabaka moja juu ya jingine, bila ya kuachana. Pigo la nyundo humezwa. Hubaki kibonyeo tu. Sifa inayomfaa mhunzi anapokuwa na kipande kidogo motoni ndiyo inayomshinda anapokabiliwa na bonge zito kuliko tembo, ambalo haliingii katika moto wowote wala halipasuki. Wanajiolojia waliotaka kipande cha kuchunguza walilazimika kutumia msumeno wa chuma kwa saa nyingi, na walichopata hakikuzidi kiganja. Kipande cha kimondo kama hicho, kikisuguliwa na kumwagiwa tindikali, huonyesha mistari iliyopishana mfano wa ukili uliosukwa, alama ya chuma kilichopoa polepole kwa mamilioni ya miaka.

Huko Greenland, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, Wainuiti walikuwa na vimondo vya namna hiyo, na kwa vizazi vingi walivigonga kwa mawe magumu wakapata vigae vyembamba vya kutengenezea visu. Kimondo kikubwa kuliko vyote hapo, chenye tani 31 hivi, kilichukuliwa na Mmarekani Robert Peary mwaka 1897 na kupelekwa New York. Lakini Greenland haina misitu ya kutoa makaa, na Wainuiti hawakuwa na njia ya kuyeyusha chuma chao wenyewe. Mnyiha alikuwa nayo. Kwake yeye, siku nzima ya kugonga kimondo kwa ajili ya kigae kimoja ingekuwa hasara.

Njia yake ilikuwa ya kistadi kuliko inavyodhaniwa. Tanuru refu la Wanyiha, na la jirani zao Wafipa waliloliita ilungu, halikuhitaji mivukuto. Upepo uliingia wenyewe kwa mabomba ya udongo yaliyopangwa chini kuzunguka ukuta, ukavutwa juu na joto. Chuma hakikuyeyuka kikatiririka kama maji. Kilishikamana chini kama bonge lenye matundu, limechanganyika na mavi ya chuma. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Chuma kikinywa kaboni nyingi mno kutoka kwenye makaa huwa kama chuma cha kusubu, kigumu lakini kikavu, na pigo moja hukipasua. Kikibaki na taka nyingi ndani yake, hukatika pale pale penye taka. Kwa hiyo bonge lilipelekwa kwenye tanuru la pili, dogo, lenye mivukuto, likasafishwa huko, kisha likafuliwa na kufuliwa tena mpaka taka zikatoka na chuma kikawa laini. Kazi hiyo ilizungukwa na dawa na miiko. Tanuru lilihesabiwa kama mwanamke anayejifungua, na wahunzi walikaa mbali na wake zao mpaka chuma kizaliwe. Msomaji wa leo anaweza kuitabasamia miiko hiyo. Hata hivyo watu walioishika waliweza kulitofautisha bonge jema na baya kwa macho na kwa mlio wa nyundo, pasipo maabara.

Kusini zaidi, katika milima ya Livingstone, Wakinga na Wapangwa walikuwa wafuaji wa majembe yaliyouzwa mbali na kwao. Jembe lilikuwa zana, lilikuwa fedha, na liliingia katika mahari. Thamani yake ilitegemea uwezo wa kupinda likikutana na jiwe, kwa kuwa jembe lililopinda hunyooshwa na lililovunjika hutupwa. Mkuki nao ni vivyo hivyo. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, majeshi ya Mkwawa yalikivamia na kukiangamiza kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski, naye mwenyewe akauawa. Wengi wa wapiganaji wa Kihehe walishika mikuki. Miaka mitatu baadaye Wajerumani walirudi na mizinga, na ngome ya Kalenga ikatekwa; lakini asubuhi ile ya Lugalo ilikuwa ni kazi ya mfuaji wa mikuki kama ilivyokuwa kazi ya mpiganaji.

Kuvuta uzi wa madini ni habari nyingine, na hapa pwani ina sehemu yake. Misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 ilibeba bidhaa za aina tatu hasa: nguo, ushanga na nyaya. Masango, yaani waya mnene wa shaba, ulikunjwa mizingo ukabebwa mzegazega, mzingo mmoja kila ncha ya mti. Bara, mafundi waliuvuta tena wenyewe. Waliupitisha katika tundu la kipande cha chuma, kisha katika tundu dogo zaidi, na kila uliposhupaa kwa kuvutwa waliupasha moto ukalainika, mpaka ukawa udodi mwembamba wa kuzungushia nyuzi za mikufu na vikuku. Wayeke wa Msiri, waliotoka Unyamwezi na kutawala Katanga, walisifika sana kwa ufundi huo, wakitumia shaba ya huko huko. Upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wasafiri wa miaka ya 1870 waliwakuta Wanyakyusa wamevaa viunoni pete nzito za shaba. Nyaya hizo zilipendwa kiasi kwamba simu ilipopitishwa katika nchi ya Wanandi, Kenya, kandokando ya reli ya Uganda, nyaya zake zilikatwa zikawa mapambo. Waingereza waliuita wizi. Kwa Wanandi ulikuwa udodi uliotundikwa juu ya miti katika nchi yao.

Wenye methali ya samaki mkunje angali mbichi wangeshangaa mbele ya waya. Samaki akikauka amekauka. Shaba iliyoshupaa hurudishiwa ubichi wake motoni mara nyingi utakavyo, na fundi aliyelijua hilo alikuwa amejua jambo ambalo wanasayansi wa Ulaya walikuja kulieleza sababu yake katika karne ya 20 tu.

Tanuru zilizimika kidogo kidogo katika enzi ya ukoloni. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalikuwa rahisi, na mfuaji hakuweza kushindana nayo kwa bei. Baada ya uhuru palijengwa viwanda vya nchini, Ubungo Farm Implements cha Dar es Salaam na baadaye Zana za Kilimo cha Mbeya, lakini navyo vikaja kusimama. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860, hupita Tunduma, Mbeya na Makambako, na barabara kuu ya Zambia hupita Mbeya na Iringa. Kwa njia hizo mbili shaba hushuka kuelekea bandarini ikiwa mabamba, huvutwa nyuzi katika viwanda vya ng'ambo, na nyingine hurejea ikiwa nyaya za umeme. Masango ya Bagamoyo yalipanda bara. Sasa bara ndiyo inayotoa shaba, na kuvuta kumeachwa kwa wengine.

Katika nchi ya Wapangwa wenyewe, huko Liganga wilayani Ludewa, kuna mtapo unaokadiriwa kuwa tani milioni 126. Una titani, inayowatatiza wayeyushaji, na vanadi, ambayo chembe chache tu za kwake huongeza ushupavu wa chuma cha pua. Mkataba wa kuuchimba ulitiwa saini mwaka 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, lakini tanuru halijawashwa. Wahunzi wa nyanda hizo wangali wapo. Chuma chao hutoka kwenye magari mabovu, hasa springi za malori, ambazo huzipasha mpaka ziwe nyekundu, wakazikata kwa patasi na kuzitandaza zikawa majembe.