Nembo za Koo na Mawe ya Kumbukumbu

Mwenye kuingia katika kanisa kongwe la Uingereza huona ukutani na sakafuni mawe yaliyochongwa majina ya marehemu, na juu ya majina hayo ngao yenye simba, ndege au maua. Hiyo ni nembo ya ukoo. Mambo hayo yalipewa taratibu zake za kiserikali, na tangu mwaka 1484 pana ofisi mjini London yenye kazi ya kuziandikisha. Asiyejua kusoma aliitazama ngao akajua ni nani aliyelala pale.

Sisi tufundishao Kiswahili hapa Mbugangari, mjini Gisenyi, yatupasa kujiuliza: je, wazee wetu walikuwa na jambo la namna hiyo?

Pwani, hapana shaka, mawe yalikuwapo. Huko Gede, nchini Kenya, liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Malindi, Kaole na Kunduchi yako makaburi ya nguzo, na baadhi ya nguzo hizo zilipambwa kwa bakuli na sahani za Kichina. Mnyama hakuchorwa. Heshima ya mlango ilionekana kwa urefu wa nguzo, kwa thamani ya vyombo, na kwa nasaba iliyosomwa katika jina.

Rwanda ya kale ilikuwa kinyume cha hayo. Kaburi halikuwekwa jiwe la maandishi, lakini ukoo ulikuwa na mnyama wake. Wanyiginya wana korongo, Wega wana chura, Wazigaba wana chui, Wasinga wana mwewe, na Wagesera wana inyamanza, yule ndege mdogo atikisaye mkia. Nembo hizo hazikuchongwa popote. Zilikaa katika miiko na katika maneno. Nasaba za wafalme nazo zilihifadhiwa vichwani mwa abacurabwenge, mabingwa wa kuzikariri. Tena koo zilihitajiana: aliyetaka kujenga kiambo kipya alimwita mtu wa ukoo wa Wagesera, Wasinga au Wazigaba ampe baraka ya ardhi.

Marcel d'Hertefelt, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1971, alihesabu koo kubwa 18. La kuzingatiwa ni kwamba katika ukoo mmoja walikuwamo Wahutu, Watutsi na hata Watwa. Chui alikuwa wao wote.

Neno la Kinyarwanda kwa ukoo ni ubwoko. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kibelgiji ilitoa vitambulisho, na neno hilo likatumika kumtaja mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Alama iliyokuwa ikiwaunganisha watu ikafunikwa na alama ya kuwatenga. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mwaka 1994, kitambulisho kilichoonyeshwa kizuizini kilitosha kumpotezea mtu uhai. Baadaye habari hiyo iliondolewa katika vitambulisho.

Kiswahili nacho kina mfano wake. Mbari ni ukoo, watu wa asili moja. Leo wengi hulisikia neno hilo ndani ya "kimbari" tu. Nembo nayo ilikuwa chale za mwilini zenye kuonyesha kabila la mtu, kabla ya kuwa alama ya shule au ya taifa. Mwalimu anayeyafundisha maneno haya asitosheke na maana ya leo. Amweleze mwanafunzi njia yaliyopitia.

Na mawe sasa tunayo. Hapa Gisenyi, mahali paitwapo Commune Rouge, pana kumbukumbu ya waliouawa mwaka 1994. Jiwe la kanisa la Uingereza liliwekwa ili ukoo mmoja utukuzwe juu ya nyingine. Hili letu halina ngao wala korongo, wala halimtukuzi mtu juu ya mwenziwe. Lasimama ili waliouawa kwa sababu ya neno moja katika karatasi wasisahauliwe.