Tazunu: Mawe Yaliyosimama ya Bouar

Wengi wetu tukisikia habari ya mawe makubwa yaliyosimamishwa na watu wa kale, tunafikiri Bretagne, kule Ufaransa, kwa kuwa ndiyo picha tuliyoikuta katika vitabu vya shule. Lakini kuko mengine karibu zaidi: ng'ambo ya Ubangi, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, mashambani kuzunguka mji wa Bouar. Wagbaya wa kule wanayaita tazunu, ni kusema mawe yaliyosimama. Na lugha ya Wangbaka wa Gemena, hapa inchini mwetu, ni ndugu ya ile ya Wagbaya.

Tazunu si jiwe moja tu. Ni kilima kidogo cha udongo na mawe, kilichopangwa kwa mikono. Ndani mna visanduku vya mawe, na juu yamesimamishwa mawe marefu, mengine yanapita kimo cha mtu. Makundi karibu 70 yanajulikana, kwenye mgongo wa inchi unaogawanya maji: upande mmoja yanashuka Chad, upande mwingine yanafuata Lobaye, Ubangi, mpaka Kinshasa.

Ni ya lini? Hapa ndipo wanafunzi wanapenda kubishana. Jiwe lenyewe halisemi siku liliposimamishwa. Kinachopimwa ni makaa yaliyo chini yake. Mfaransa Pierre Vidal, aliyechimba kule miaka ya 1960, alipata tarehe za mbali sana. Lakini makaa yanaweza kuwa yalikuwa udongoni mbele ya jiwe kufika! Nicholas David alilieleza jambo hilo katika maandishi yake ya 1982, akaweka ujenzi mwingi katika miaka 1,000 ya mwisho mbele ya Yesu. Sisi tunaifuata hesabu ya David, hata kama inapunguza miaka.

Sasa, mfupa wa Ishango uliochimbuliwa kwetu Kivu mwaka 1950 ulibebwa mpaka Bruxelles, na maana haikupotea, kwa sababu alama zimechorwa juu yake wenyewe. Tazunu hapana. Serikali ya kule iliyaandikisha mwaka 2006 kwenye orodha ya kungojea ya UNESCO. Ni vizuri, lakini orodha iko Paris, mawe yako shambani. Mtu akivuta moja kwa kujengea msingi wa nyumba, atabaki na jiwe tu, na yale makaa ya chini yamekwisha kuchanganyika.