Bodaboda za umeme mpakani Busia: Kwa nini taarifa za kituo zina uzito sawa na umeme wenyewe

Mwendesha bodaboda anayetoka Lumino, mji mdogo katika wilaya ya Busia nchini Uganda, akielekea mpakani hana haja ya kuuliza petroli inapatikana wapi. Vituo anaviona kando ya barabara, na pasipo na kituo hakosekani mtu aliyepanga chupa za petroli juu ya meza. Kwa pikipiki ya umeme hali ni nyingine. Umeme haumiminwi kwenye chupa, na kituo kinachoonekana kwenye ramani ya simu huenda kimefungwa, kimekatikiwa umeme, au kimebakiwa na betri ambazo bado hazijajaa.

Eneo hili lina nafasi ya pekee katika historia ya usafiri wa Afrika Mashariki. Inaelezwa kuwa neno bodaboda lilizaliwa hapa hapa, Busia na Malaba, katika miaka ya 1960 na 1970, wakati wenye baiskeli walipowavusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha huku wakiita kwa Kiingereza kwamba wanapeleka watu kutoka mpaka hadi mpaka. Baiskeli zikaipisha pikipiki ya petroli, na sasa pikipiki ya umeme inabisha hodi.

Kampala ilianza kuziona pikipiki hizo kupitia kampuni ya Zembo. Spiro, yenye mfumo wa kubadilishana betri, inafanya kazi Kenya na Uganda. Huko Jinja, kampuni ya serikali ya Kiira Motors inatengeneza mabasi ya umeme. Hata hivyo, mitandao ya chaji imejikita zaidi mijini, ambako kituo kimoja kikikwama kingine hakiko mbali. Katika barabara ya lami ya Musita, Mayuge na Lumino hadi Busia na Majanji, yenye urefu wa takriban kilomita 104, kituo kimoja chenye taarifa za uongo kinaweza kumlaza mtu njiani pamoja na abiria wake.

Chaja huzungumzaje na seva?

Chaja ya kisasa ni mashine ya umeme na pia ni kifaa cha mawasiliano. Kwa kutumia itifaki ya wazi inayofahamika kwa herufi OCPP, iliyoanzia Uholanzi, chaja hutuma ujumbe mfupi kila baada ya muda fulani kuiambia seva kwamba ingali hai. Hutuma pia hali yake: iko huru, inatumika, au ina hitilafu. Kituo cha kubadilishia betri huongeza mengine, yakiwamo idadi ya betri zilizopo, kiwango cha chaji cha kila moja, joto lake, na uwezo uliosalia baada ya miezi ya matumizi.

Udhaifu wa mfumo huu umejificha katika neno "hai". Mashine inaweza kuendelea kuijulisha seva kwamba iko salama ilhali waya wake umekatika au kisoma kadi kimekufa. Mtandao wa simu nao ukikatika, seva isiyoandaliwa vyema huendelea kuonyesha hali ya mwisho iliyopokea, hata kama ni ya jana. Kwa sababu hiyo, taarifa isiyo na saa yake haina thamani kubwa kwa msafiri. Afadhali programu ikiri kwamba habari za kituo fulani ni za saa sita zilizopita kuliko kuonyesha alama ya kijani isiyo na msingi.

Tofauti kati ya ripoti na hali halisi imewahi kupimwa. Mwaka 2022, utafiti ulioongozwa na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulikagua viunganishi 657 vya chaja za kasi katika eneo la San Francisco. Asilimia 72.5 tu ndivyo vilivyofanya kazi, ingawa watoa huduma walikuwa wakidai kuwa mitambo yao ipo hewani kwa asilimia 95 hadi 98 ya muda. Baadhi ya skrini zilikuwa zimezimika, malipo mengine yalikataliwa, na katika asilimia 4.9 ya viunganishi waya ulikuwa mfupi mno kulifikia gari. Kasoro hiyo ya mwisho haiwezi kuonekana kwenye seva yoyote.

Kwingineko sheria zimeanza kuingilia kati. Kanuni za Uingereza za mwaka 2023 zinataka mitandao ya chaja za kasi ipatikane kwa wastani wa asilimia 99 ya muda na itoe data zake kwa umma. Umoja wa Ulaya unawataka wenye vituo kuweka wazi mahali vilipo, bei na hali ya chaja kwa wakati huo huo. Kenya, kupitia mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, ilitoa mwongozo wa vituo vya kuchaji na kubadilishia betri mwaka 2023. Mwaka huo huo ilianza kutumika bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, ambayo katika saa za matumizi madogo hushuka hadi karibu nusu. Unafuu huo unategemea mita inayorekodi kwa usahihi saa ambayo umeme ulitumika.

Mpaka mmoja, mifumo miwili

Kwa msafiri wa kawaida, Busia imerahisika tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa rasmi Februari 2018. Nchi hizi mbili hutumia saa moja, volti zinazokaribiana na plagi ya aina ile ile. Umeme wenyewe ulikwisha kuvuka zamani: tangu miaka ya 1950 njia ya umeme kutoka Jinja kupitia Tororo imekuwa ikiupeleka Kenya. Data ndizo bado zinakwama mpakani.

Betri iliyosajiliwa upande mmoja huenda isitambuliwe na kituo cha upande wa pili. Malipo ya simu yana sarafu mbili. Baadhi ya mifumo humwezesha mwenye mali kuizima betri kutoka mbali inapodhaniwa kuibwa. Dereva halali anayempeleka mgonjwa ng'ambo ya mpaka anaweza kuzimiwa chombo kwa sababu tu ramani ya seva inaishia kwenye lango la forodha.

Fedha nazo zimo. Katika mfumo wa kubadilishana betri, mara nyingi dereva hulipia tofauti kati ya chaji iliyobaki katika betri anayorudisha na ile anayochukua. Pampu ya petroli nchini Uganda hukaguliwa na shirika la viwango, UNBS, na kubandikwa stika ambayo mteja anaiona. Asilimia inayotajwa na betri haina stika. Kosa la asilimia 5 kila anapobadilisha, mara mbili kwa siku, ni sawa na kupoteza betri nzima kila baada ya siku 10, na dereva hana njia ya kulithibitisha isipokuwa apewe kumbukumbu zake mwenyewe.

Kumbukumbu hizo ni nyeti vilevile. Zinaonyesha dereva alilala wapi, alipita njia gani na alisimama kwa nani. Kenya na Uganda zote mbili zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, na kwa hiyo kampuni inayochapisha hali ya vituo vyake haina ulazima wa kuanika safari za wateja. Kinachohitajika na umma ni idadi ya betri zilizo tayari, bei, na saa ambayo taarifa hiyo ilithibitishwa.

Wasambazaji wa umeme pia wana haja na takwimu hizo. Nchini Uganda, shirika la serikali la UEDCL lilichukua usambazaji kutoka kwa Umeme mwishoni mwa Machi 2025 na kurithi transfoma nyingi za mijini na vijijini. Kituo chenye betri 20 zinazochajiwa kwa pamoja jioni, saa ambazo kila nyumba imewasha taa, huilemea transfoma ndogo ya mji kama Lumino. Betri hizo hizo zikichajiwa saa nane usiku, huenda jirani asihisi lolote.