Kasri la Askofu

Sentensi ya kwanza ndiyo iliyonikwamisha: "Ngome ya Würzburg ni jumba la mfalme lililojengwa kwa mtindo wa madoido." Makosa matatu kwa mkupuo mmoja, na aliyeandika ni kijana ninayemjua kwa umakini wake. Yeye yuko Bungoma, mimi Kitale. Alinitumia makala hiyo niihakiki kabla haijaingizwa katika kamusi elezo ya Kiswahili, nami nikakaa nayo jioni nzima, kalamu nyekundu mkononi, kama enzi za kusahihisha insha.

Jengo lenyewe liko kusini mwa Ujerumani. Lilianza kujengwa mwaka wa 1720, msanifu wake mkuu akiwa Balthasar Neumann. Fahari yake ni ngazi kuu, ambayo juu yake imetandazwa dari ya kuba isiyoshikiliwa na nguzo hata moja. Katika miaka ya 1752 na 1753 Mwitaliano Giambattista Tiepolo aliichora dari hiyo juu ya plasta mbichi, akaweka mabara manne. Afrika ni mwanamke aliyeketi juu ya ngamia. Neumann naye yumo, kajiegemeza kwenye mzinga. Moto wa mabomu ya Machi 1945 uliteketeza sehemu kubwa ya jumba, lakini dari ile ikasalimika. Haya yote kijana aliyapata sawasawa. Shida ilikuwa majina.

Nilipompigia simu kuhusu ngome, alinijibu kwa swali. "Sasa mwalimu, jengo kubwa la kale, la watawala, sisi huku tuliite nini?" Nilimwelewa. Aliyekulia Bungoma amesikia habari za Chetambe, kule milimani juu ya Webuye, ambako mwaka wa 1895 Wabukusu walijikinga dhidi ya kikosi cha Waingereza kilichokuja na Charles Hobley. Pale palikuwa na ukuta wa udongo na handaki. Hiyo ni ngome, kwa sababu ilijengwa ili adui asiingie. Jumba la Würzburg lina madirisha makubwa safu kwa safu, na nyuma yake bustani. Lilijengwa wakati mizinga ilikuwa imeshazipunguzia kuta nene thamani yake, na mtawala aliyetaka kuogopwa alijenga ngazi ya kumpandisha mgeni polepole hadi ajione mdogo.

Nikamwandikia: tumia kasri. Kumbe alikuwa amejiandaa. Kilwa Kisiwani, akasema, kuna Husuni Kubwa, makao ya sultani wa karne ya 14, na husuni kwa Kiarabu ni ngome. Tena kasri lenyewe ni qasr ya Waarabu, ambayo wanaisimu huifuatilia hadi castrum ya Kilatini, yaani kambi ya askari. "Kwa hiyo kasri nalo lilikuwa ngome, mwalimu." Nilicheka peke yangu sebuleni. Kuhusu asili ana haki yote. Lakini gereza nalo lilitoka kwa Wareno, ambao kwao igreja ni kanisa, na sijamwona mtu akibeba Biblia Jumapili asubuhi akisema anakwenda gerezani kuimba kwaya. Neno hupimwa kwa kazi linayoifanya sasa, na leo msomaji akiona kasri hatarajii askari ukutani.

Ikulu nilimkataza kabla hajaiwaza. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma ikulu ni makao ya mtemi, na kwa maana hiyo ingefaa. Tatizo ni kwamba Mkenya akisoma "Ikulu ya Würzburg" ataanza kumtafuta rais na ving'ora vyake.

Kosa la mfalme ni la aina nyingine, si la lugha tena. Waliolijenga jumba lile walikuwa maaskofu Wakatoliki waliotawala pia kama wakuu wa dola, fimbo ya uchungaji mkono mmoja na upanga mkono wa pili. Ndiyo maana "jumba la kifalme", ambalo watafsiri wengi hulikimbilia wakiona jengo la fahari, hapa linamdanganya msomaji. Kasri halisemi nani analala ndani, na kwa kazi hii huo ndio uzuri wake.

Madoido niliyapenda kuliko nilivyopaswa. Jina la mtindo huo lina asili ya Kireno: barroco ilikuwa lulu yenye umbo la kombo, na wahakiki wa karne ya 18 waliligeuza neno hilo kuwa tusi kwa sanaa waliyoiona imezidisha mapambo. Kijana, bila kujua, alikuwa ametafsiri tusi. Ila tusi lilikwisha zamani. Leo ni jina la kipindi, takriban mwaka wa 1600 hadi 1750, ambamo hata muziki wa Bach umo. Tukisema madoido, itabidi tuzihesabu humo nyumba mpya za hapa Kitale zenye nguzo za plasta na simba wawili wa saruji getini.

Wapo wanaoandika "baroki", kwa kulisikia neno kupitia Kiingereza. Mimi nashikilia baroko. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka wa 1593, wakaipoteza 1698, na katika ujirani huo tulipata meza, leso na bendera. Neno hili halikushuka nao pwani, lakini likija leo na lipite mlango ule ule. Kireno kimeshalipa irabu mwishoni. Ya nini kulikata mkia kwa Kiingereza kisha tulibandike mwingine?

Ngome hatukuitupa. Ng'ambo ya pili ya mto, juu ya kilima, ipo Marienberg, yenye kuta nene kweli, na huko ndiko maaskofu walikokaa kwa karne nyingi kabla ya kuteremkia mjini. Makala haikuwa imeitaja hata kidogo. Jana usiku kijana alinitumia sentensi mpya: "Maaskofu waliteremka kutoka ngomeni wakahamia kasrini." Nikaiacha ilivyo, ila nikamwongezea jina la mto unaopita katikati, Main.